Nani Kalipa Nauli?

Mkataba wangu wa kazi uliisha tarehe 30. Kazi mpya naianza baada ya siku 26. Katikati hapo nimeamua kupanda basi peke yangu: Dar hadi Tanga, Tanga hadi Pangani na kurudi, halafu Horohoro, Lunga Lunga, Mombasa, kisha nyumbani. Siku nane, shilingi 330,000. Nilipompigia mama kumweleza, baada ya shikamoo na habari za kuku wake, aliuliza swali moja tu: "Unakwenda kwa nani huko, mwanangu?"

Nikamwambia siendi kwa mtu. Akanyamaza kidogo. "Kuna msiba?" Hakuna. "Kuna mtu amekuita?" Hamna, mama. "Sasa?"

Hiyo "sasa?" yake nimekaa nayo wiki nzima. Nikafanya kile ambacho sisi watu wa vitabu hufanya tukibanwa, nikaenda kwenye rafu kutafuta shahidi. Nilitaka mtu mmoja tu katika maandishi ya Kiswahili ninayoyajua, mtu aliyesafiri kwa hela yake, peke yake, bila kutumwa na bila kumfuata mtu, na asiadhibiwe kwa hilo. Nilidhani nitapata kumi. Sikupata. Badala yake nilirudi mezani na maswali mawili ambayo sa hivi nakiuliza kila kitabu cha safari: nani kalipa nauli, na nani anasubiri mwisho wa njia? Utashangaa maswali haya mawili ya kikonda yanavyofungua kitabu.

Tuanze na mzee mwenyewe, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Maisha yake aliyaandika kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 hadi 1903. Tunazoea kukisoma kitabu hiki kama historia, au kama ushahidi wa mahakamani. Kisome safari hii kama mtu anayepanga bajeti, utaona kitu kingine. Mzee anahesabu. Mali ya kukopa, bidhaa za kupeleka bara, frasila za pembe zinazorudi, deni kwa tajiri Taria Topan wa Unguja. Milima na mito inapita haraka. Hesabu haipiti haraka. Kwa mtindo wake wa kuunganisha tendo na tendo, tukafika, tukanunua, tukaondoka, ametuachia nathari kavu, nyepesi, isiyojipamba, ambayo bado inasomeka vizuri kuliko riwaya nyingi za leo. Anajua kwamba safari ni pesa na haoni haya kusema.

Lakini uliza nani kalipa nauli, hapo ndipo shingo inapokakamaa. Mtaji ulitoka kwa Taria Topan, sawa. Mabega yaliyobeba pembe hadi pwani yalikuwa ya watu, na wengi wa watu hao hawana jina katika kitabu. Wanaingia kwenye hesabu kama wingi. Kwa hiyo daftari linalosema ukweli wote kuhusu frasila linaweza kunyamaza kabisa kuhusu binadamu aliyezibeba. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye nitausifu uandishi unaotaja bei, na sitaki mtu adhani ukitaja bei tayari umekuwa mkweli.

Wa pili ni Salim bin Abakari. Mwaka 1896 alifuatana na Mjerumani Bumiller hadi Urusi na Siberia, na habari zake zimo katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokikusanya Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901. Kila nikikisoma najiuliza kwa nini hakifundishwi kila shule. Mswahili amesimama kwenye baridi ya Siberia anatuambia kwa lugha ya nyumbani watu wa huko wanaishije! Kinyume cha Tippu Tip, hapa macho yana nafasi. Kuna muda wa kutazama. Nadhani sababu moja ni kwamba nauli si yake. Anayelipiwa halali na wasiwasi wa kesho atalipa nini, kwa hiyo anaona. Ila kuna gharama yake: bwana akisema tunaondoka, mnaondoka. Hawezi kusema mji huu umenipendeza, nakaa siku mbili zaidi. Uhuru wa macho anao, wa miguu hana.

Halafu Shaaban Robert, ambaye kwa ajili yake ndiyo maana basi langu la kwanza ni la Tanga. Alizaliwa mwaka 1909 huko Vibambani, jirani ya Machui, akafanya kazi ya forodha Pangani, akahamishiwa Mpwapwa, baadaye akarudi Tanga. Maisha Yangu ni kitabu cha mtu anayesafirishwa na ajira. Uhamisho! Neno hilo limebeba nusu ya safari za wazazi wetu. Barua inatoka ofisini, familia inafunga virago, treni au lori linawachukua mpaka mahali ambapo mwaka jana hamkupajua. Mlipa nauli ni serikali, anayesubiri ni bosi mwingine. Shaaban hana makelele kuhusu hilo. Heshima yake haimruhusu. Mimi ninavyomsoma, utulivu ule ndio unaouma. Mtu mwenye lugha pana kama ile, mwenye uwezo wa kuumba nchi nzima za kufikirika katika hadithi zake, kwenye maisha yake mwenyewe anakwenda anakopelekwa.

Hata mapumziko ya wafanyakazi wa serikali yana alama hiyo. Mnaikumbuka nauli ya likizo? Mwajiri anamlipia mtumishi aende kwao. Kwao, jamani, si anakotaka. Likizo ni muda wa mwajiri aliokuazima, na anajua utaurudisha. Siku zangu hizi 26 ni za namna nyingine. Mwajiri wa zamani hanidai, wa mpya hajanijua. Ni mara ya kwanza tangu nimalize chuo kuwa na siku ambazo hazina mwenyewe ila mimi. Na hapo ndipo ninapoelewa kwa nini mama alishtuka.

Maana sisi tuna neno kwa mtu asiye na kazi ambaye anaonekana barabarani. Mzururaji. Si tusi la mtaani peke yake. Lilikuwa jambo la serikali. Mwaka 1983 ilipotungwa sheria ya Nguvu Kazi, watu wa mijini walioshindwa kuonyesha kwamba wana kazi walisombwa na kupelekwa mashambani. Mama alikuwa msichana wakati ule. Kabla ya hapo taifa lilishajengwa juu ya kaulimbiu ya Uhuru na Kazi, na sina ugomvi nayo, ila ona jinsi maneno yale mawili yalivyofungwa pamoja kama mbuzi wawili kwenye kamba moja. Ukikatika upande wa kazi, uhuru wako nao unaanza kuulizwa kitambulisho. Mtu asiye na kazi anatarajiwa kukaa nyumbani, kutuma barua za maombi na kuonekana ana huzuni. Kupanda basi ukae dirishani unatazama mikonge ni kama kuiba.

Swali langu kwa fasihi basi ni hili: je, riwaya zetu zilimtetea mzururaji, au zilisimama na polisi?

Chukua Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996. Wengi wetu tuliisoma tukiwa wadogo na bado tunaipenda. Kongowea Mswahili anatoka Tanga, mji wa mama yake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, anavuka kwenda Kenya hadi upande wa magharibi kumtafuta baba. Ni njia ninayoifuata mimi sehemu yake ya kwanza, na hata jina la kijana ni jina la kale la Mombasa. Kijana hana pesa, na kurasa zinazosimulia ukata wake barabarani ndizo zilizo hai zaidi: ugeni, njaa, na kule kutegemea sura ya mtu usiyemjua. Lakini riwaya haimwamini msafiri wake bila baba. Baba lazima awepo mwisho wa njia, na apatikane, ndipo mateso yote yahesabike kuwa yalikuwa na maana. Nikisoma sasa, najikuta nauliza: je, asingempata? Kilomita zile zote zingekuwa bure? Kitabu kinaelekea kusema ndiyo. Mimi naona mambo mazuri kabisa ya Siku Njema yanatokea kabla baba hajaonekana, na kwamba Walibora kama mwandishi wa barabara ni mkubwa kuliko Walibora wa kufunga mafundo.

Mbali na Nyumbani ya Adam Shafi, ya mwaka 2013, iko karibu zaidi na ninachokitafuta. Kijana anaondoka Unguja kusaka elimu ng'ambo, anapita nchi kavu kuelekea kaskazini, na mfuko wake ni wa kujikuna tu. Shafi ana mkono wa mtu aliyewahi kulala bila kujua kesho atakula nini, na hafanyi hilo kuwa ushujaa. Kati ya vitabu vyote ninavyovitaja hapa, hiki ndicho kinacholijibu swali la nauli kwa uaminifu mkubwa: kalipa huyu kidogo, kalipa yule kidogo, wema wa watu umelipa sehemu kubwa. Hata hivyo haja ipo, nayo ni ya heshima: shule. Ukimwambia mama yeyote wa pwani kwamba mwanao yuko njiani anafuata elimu, atamwombea dua. Ukimwambia yuko njiani tu, atauliza kama ameanza kuvuta bangi.

Na hao wote ni wanaume. Upande wetu rafu ni nyembamba na ni kali. Rosa Mistika wa Kezilahabi, mwaka 1971, analelewa na baba anayemfungia kama kuku wa mayai, kisha anaondoka nyumbani kwa ajili ya masomo, na kila hatua ya kutoka Ukerewe inageuka hatua ya kuporomoka, mpaka anajiua. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni, na kwa muda mrefu mabishano yakawa juu ya yale yaliyoandikwa waziwazi kuhusu mwili. Kezilahabi alimlaumu baba kwa ukali ule, najua, na ndiyo maana ya kitabu. Lakini soma ramani yake. Msichana akiwa nyumbani anapigwa, akiwa mbali anaharibika, na katikati, ndani ya chombo cha usafiri, ambako kwa saa chache si wa baba wala wa mwanamume mwingine, riwaya haina la kusema. Mimi nataka ukurasa huo. Nataka kujua Rosa aliwaza nini akiwa safarini.

Mwanamke aliyenifaa kuliko wote nimemkuta kwenye wasifu, sio riwaya. Ni Siti binti Saad, kama alivyoandikwa na Shaaban Robert yuleyule aliyekuwa akihamishwahamishwa. Siti alitoka Fumba, muuza vyungu, akazoea njia ya kwenda mjini kwa biashara, na mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja. Mwaka 1928 alikuwa Bombay anarekodi nyimbo zake. Nauli ya Bombay ilikuwa ya kampuni ya santuri. Nauli ya Fumba ilikuwa miguu yake mwenyewe. Na mnakumbuka watu wa mjini walivyomfanyia: walimtungia wimbo wa kumsimanga kwa alikotoka. Ndiyo mapokezi ya mwanamke aliyekuja peke yake. Hawakumuuliza ana sauti gani, walimuuliza katoka wapi na nani kamleta. Shaaban Robert anamwandikia kwa heshima iliyonyooka, na ninahisi, ingawa hakusema, kwamba karani yule alimwonea wivu kidogo mtu aliyekata shauri la kuhama mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye daftari langu, maana nalo ni andiko na nataka kulisoma kwa jicho lilelile. Mistari yake ni minne. Nauli na bodaboda, 110,000. Gesti usiku tano, 20,000 kila usiku, jumla 100,000. Chakula siku nane, 10,000 kwa siku, jumla 80,000. Dharura, 40,000. Jumla 330,000. Usiku mbili zilizobaki nitalala kwa shangazi Tanga.

Ukiutazama mstari wa shangazi, hauna namba. Ndiyo maana watu wanausahau. Lakini mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mimi nimeweka siku mbili makusudi. Kwa shangazi huendi mikono mitupu: kuna sukari kilo mbili, kuna kitenge, kuna maswali kuhusu ndoa ambayo lazima ukae uyajibu ukiwa umetoa uso wa upole. Malazi ya ndugu si ya bure, ila yanalipwa kwa fedha nyingine. Adam Shafi anayajua haya. Waandishi wengi wakifika hapo wanasema "akapokelewa kwa furaha" na kugeuza ukurasa.

Utazame mstari wa gesti. Rafiki yangu wa kiume, msafiri mzoefu, aliniambia, "Wewe panda basi la usiku bwana, unaokoa hela ya kulala." Na kweli, tangu mwaka 2023 mabasi ya usiku yameruhusiwa tena baada ya kupigwa marufuku kwa takriban miaka thelathini. Kwake hesabu inakwisha hapo. Kwangu inaanza. Basi la usiku linakushusha stendi saa kumi alfajiri, na hapo nitamlipa nani ili nikae salama mpaka kuche? Kwa hiyo nasafiri mchana, nafika kabla ya jua kuzama, nachukua gesti yenye mlango unaofungika kwa ndani hata kama ya jirani ni nafuu kwa elfu tano. Hiyo elfu tano ni kodi ya kuwa mwanamke peke yake. Ukizidisha kwa usiku tano ni elfu ishirini na tano, yaani siku mbili na nusu za kula. Sijaiona kodi hii katika kitabu chochote nilichokitaja, na ni kwa sababu hakuna aliyehitaji kuilipa au hakuna aliyeiandika.

Mabasi ya bara siku hizi yanaanzia Mbezi Luis, Kituo cha Magufuli, sio Ubungo tena. Njia ya Tanga ni Kibaha, Chalinze, unavuka Wami, Segera, Hale, Muheza kwenye machungwa, ndipo mjini. Kuna mahali basi litasimama porini na konda atatangaza kuchimba dawa. Wanaume wanakwenda hatua tatu wanamaliza. Wanawake tunatafuta kichaka, tunakingana kwa khanga, mtu na mtu ambao hawajuani majina. Kama kuna kipande cha undugu wa kweli katika safari ya basi Tanzania ni pale, khanga mbili zimeshikwa na watu wasiojuana. Katika vitabu vyangu vyote vya rafuni sikumbuki basi hata moja lililosimama kuchimba dawa. Nauliza tu, sisi tunaojisifu kuwa na fasihi ya uhalisia.

Na mstari wa mwisho, dharura. Mistari mingine yote ipo katika wakati ujao: nitapanda, nitalala, nitakula. Huu peke yake ni wa -nge-. Ningeumwa, ningeibiwa, ningekosa basi. Bajeti ya mtu mwenye akiba, ikitokea dharura, anachomoa kadi. Bajeti ya mtu aliye kati ya kazi mbili inajua kwamba elfu arobaini ikiisha safari nayo imeisha, na kwamba kazi mpya itanilipa mwisho wa mwezi, sio mwanzo. Woga wangu wote umekaa kwenye huo mstari mmoja, na nimeuandika kwa namba ndogo pembeni kana kwamba hauhusiki.

Nimeelezea daftari hili kwa urefu kwa sababu ya uandishi wa safari tunaousoma leo mtandaoni. Upo mwingi, na mwingine una picha nzuri mno. Bahari, kiti cha ukindu, miguu miwili imenyooshwa, maneno matatu kuhusu kujipenda. Nani kalipa nauli? Haisemwi. Pengine hoteli imelipa ili isifiwe, pengine mchumba, pengine mwandishi mwenyewe kwa mshahara wa miezi miwili. Bei ikifichwa, msomaji wa Mbagala anayekusoma kwa bando la siku anabaki na hisia kwamba kuna watu walioumbwa kusafiri na yeye hayumo. Tippu Tip, pamoja na dhambi zake zote, hakumfanyia msomaji hivyo. Alikuambia deni lilikuwa kiasi gani.

Upande wa pili kuna wanaotoa bei tupu: nauli hii, gesti ile, chipsi mayai shilingi ngapi. Hao wananifaa sana, nimewatumia, na nawashukuru. Lakini orodha yao haina mtu ndani. Sijui aliyelala gesti ile aliwaza nini taa ilipozimwa. Ninachokiomba kwa waandishi wetu ni daftari la Tippu Tip na macho ya Salim bin Abakari mikononi mwa mtu aliyejilipia kama Siti kutoka Fumba. Najua ninaomba vingi. Ila vipande vyote vipo tayari kwenye lugha, hatukuagiza kitu ng'ambo.

Kuna pingamizi moja ambalo mwenzangu mmoja alinipa tulipokuwa tunajadili, na sitaki kulikwepa. Alisema: safari bila haja ni anasa ya wazungu wenye mabegi mgongoni, usituletee. Watu wetu wanasafiri kwa kuwa kuna msiba, kuna mazao, kuna mtoto anapelekwa shule, na fasihi iliyoonyesha hivyo ilikuwa inasema kweli. Nimemkubalia nusu. Ni kweli kwamba kwenye basi la Tanga karibu kila kiti kina haja yake, na lumbesa kwenye buti zina haja kuliko sisi sote. Lakini wazee walioacha methali ya kwamba mtembezi hula miguu yake waliwaona watembezi, la sivyo wasingewakemea. Na lugha hiyohiyo ina usisafirie nyota ya mwenzio, ambayo ni maneno ya baharini, ya mtu anayetakiwa kuitambua nyota yake mwenyewe. Mtembezi alikuwepo siku zote. Alikosa mwandishi, au mwandishi alimwona akampa baba wa kumtafuta ili asishikwe na mgambo.

Isitoshe, "haja" yangu mimi naanza kuiona, na haina jina zuri. Miaka minne nimeamka saa kumi na moja kwa sababu mtu fulani alikuwa ananisubiri na daftari la mahudhurio. Baada ya siku 26 atanisubiri mwingine. Nataka kujua mimi naamka saa ngapi. Hili huwezi kulijua nyumbani, kwa sababu nyumbani watakuamsha. Nilipomwambia mama hivyo alicheka, akasema, "Utaamka saa kumi na moja hivyohivyo, nakujua." Inawezekana.

Nimekata tiketi ya Alhamisi, dirishani, upande ambao jua halitanipiga asubuhi. Kijana wa tiketi alijaza jina, akajaza namba ya simu, kisha akaniuliza namba ya ndugu wa kupigiwa endapo litatokea lolote. Nikatoa ya mama. Nilipotoka nje nikampigia kumwambia kwamba jina lake limo kwenye karatasi za basi. Akasema, "Haya. Kwa hiyo kuna mtu anakusubiri." Sikuwa na jibu, na sina bado. Nadhani swali langu la pili niliuliza vibaya: nilitazama mwisho wa njia peke yake, sikutazama mwanzo wake, mahali ambapo mtu amebaki na simu mkononi. Kisomeni tena Maisha Yangu kwa jicho hilo, na Siku Njema, muone nani amebaki nyuma na nani kamsahau.

Begi langu lina nafasi ya vitabu viwili. Kimoja ni Mbali na Nyumbani. Cha pili bado. Kama unajua riwaya, wasifu au hata kijitabu cha Kiswahili ambamo mwanamke anapanda basi kwa hela yake na kufika salama, niandikie kabla ya Jumatano jioni. Kikiwa kimechakaa hakuna tatizo.